Hongera, Umeshindwa

Nchi ninayoisimulia haina jina. Ilikuwa nalo, zuri tu, lenye kuimbika, lakini mwaka ule ligi ya mpira ilipokosa mdhamini, Serikali ililikodisha jina hilo kwa Kampuni ya Jaribu Tena, na tangu hapo anayelitamka bila kibali hutozwa ada. Kwa hiyo mnisamehe. Nitasema "nchi yetu", maana neno "yetu" bado halijapata mteja.

Nchi yetu ni nchi ya maadili. Ndiyo maana Waziri wa Bahati na Nidhamu alipogundua kwamba raia wanacheza kamari kwenye simu, kituoni, kwenye foleni ya hospitali, hata kanisani wakati wa matangazo, alishindwa kula chakula cha mchana. Alikwenda bungeni na njaa yake akasema:

"Waheshimiwa, kamari ni donda! Kamari ya mtandaoni ni donda lenye intaneti! Serikali hii haitavumilia, narudia, haitavumilia, na kwa msisitizo, haitavumilia!"

Wabunge wakapiga meza mpaka zikatetemeka. Meza zenyewe zilikuwa mpya, msaada wa Jaribu Tena, na kila iliyopigwa iliwaka taa ndogo yenye nembo ya kampuni.

Sasa hapo pakawa na ugumu. Kamari ikikomeshwa, nani atanunua meza? Likaundwa jopo la wanasheria. Jopo likakaa hoteli moja kando ya ziwa, likala samaki, likarudi na hekima ambayo mataifa makubwa hayajaifikia. Mcheza kamari ni nani? Jopo liliuliza, kisha likajijibu. Anayeshindwa hajapata kitu. Ametoa pesa na hakupewa chochote. Huyo hajacheza kamari, huyo amefanya kitu kinachofanana sana na kulipa kodi. Lakini anayeshinda amepokea asichokitolea jasho. Huyo ndiye mcheza kamari, na huyo ndiye adui.

Hivyo ikapita Sheria ya Kukomesha Kamari ya Mtandaoni, ambayo kwa ufupi wake inasema kwamba kosa ni kushinda.

Utekelezaji wake ulikuwa mwepesi ajabu. Nchi nyingine polisi huhangaika kuwatafuta wacheza kamari. Kwetu kampuni yenyewe, kwa uzalendo wake, iliwataja washindi kila asubuhi kwa Mamlaka ya Vidole Gumba, na fedha walizoshinda ikabaki nazo kama kielelezo. Walioshindwa walipata ujumbe kwenye simu: "Hongera, umeshindwa. Taifa linakutegemea." Mjomba wangu mmoja alipofariki, wasifu wake ulisomwa msibani, na palipofika mahali pa kusema kwamba marehemu hakuwahi kushinda hata mara moja, watu walitikisa vichwa kwa heshima.

Mtauliza kwa nini Mamlaka iliitwa ya Vidole Gumba. Jopo lilichunguza likaona kwamba mtu hubonyeza simu kwa dole gumba. Moyo unatamani, akili inahesabu, lakini mhalifu ni dole gumba. Basi adhabu ikawa hiyo: vidole gumba vyote viwili vya mkosaji hufungwa kwa plasta ngumu nyeupe, ile ya waliovunjika mifupa, ambayo mtaani tunaiita hogo, kisha hogo hupigwa lakiri nyekundu ya Serikali. Muda wake ni "mpaka itakapotangazwa vinginevyo". Haijawahi kutangazwa vinginevyo.

Kulikuwa na kifungu kimoja cha huruma. Mtumishi wa umma akishinda akiwa kazini, huhesabiwa kwamba alikuwa anafanya uchunguzi.

*

Kaka yangu anaitwa Ndahani. Anapiga malimba.

Kwa msiojua, malimba ni kisanduku cha mbao chenye ndimi nyembamba za chuma. Unakishika kwa viganja, na ndimi unazipiga kwa vidole gumba, viwili tu, hivyo hivyo. Baba alimwachia kaka malimba, mimi akaniachia viatu vyake, na sote tuliona kwamba amegawa kwa haki. Mimi natunga mashairi. Sikufundishwa na mwalimu yeyote, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya wenye shahada. Mizani nilijifunza kwa kutazama vidole gumba vya kaka vikipanda na kushuka, huku mama akipepeta mchele kwa mdundo uleule.

Shida ya malimba ni sauti yake ndogo. Harusi za siku hizi zina majenereta, na bwana harusi mmoja alimwambia kaka mbele za watu, "Ndugu yangu, nakuona unapiga, ila sikusikii." Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, lakini nyumbani hakula. Alitaka spika. Spika moja tu, ya kuwekwa chini ya malimba, ili mtu aliyeketi nyuma kabisa asikie kile alichoachiwa na baba.

Wakati huo Jaribu Tena walikuwa wamefungua ubashiri mpya: Rais akisoma hotuba ya mwaka, wananchi watapiga makofi mara ngapi? Kaka, ambaye hajawahi kubashiri hata mvua, alikaa na redio akasikiliza marudio ya hotuba za miaka iliyopita. Alizisikiliza kama anavyosikiliza wimbo. Kisha akabonyeza idadi yake.

Rais akasoma. Wananchi wakapiga makofi. Idadi ikawa ileile, hakuna pungufu, hakuna ziada. Nchi nzima aliyepatia alikuwa kaka yangu peke yake.

Asubuhi yake wakaja askari wa Mamlaka, na mkuu wao ameshika mifuko miwili midogo ya kitambaa.

"Ndahani ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Pole sana, umeshinda. Toa vidole."

Mama alitoka jikoni na mwiko. "Vidole vya mwanangu vimewakosea nini, baba?"

"Mama, usiingilie kazi. Hivi ni vidole vya mtuhumiwa."

"Hivyo ni vidole nilivyovizaa mimi. Nilivihesabu siku ileile."

"Basi kama ulivihesabu," alisema askari, "hutapata shida kuvitambua ukija mahabusu."

Wakamvisha mifuko, mmoja kila dole gumba, wakakaza kamba. Kaka akaniangalia akasema, "Malimba yasikae karibu na dirisha. Jua litapasua mbao."

*

Mahakamani kesi iliendeshwa kwa haki kubwa. Hakimu, Mheshimiwa Polikapu Sengwaji, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na simu yake aliilaza juu ya jalada la kesi, kioo kikimwelekea.

Mwendesha mashtaka alisimama. "Mshitakiwa, uliijuaje idadi ya makofi?"

"Nilisikiliza, mkuu."

"Ulisikiliza nini na hotuba ilikuwa haijasomwa?"

"Nilisikiliza za zamani. Mheshimiwa Rais akisema 'ndugu wananchi' huvuta pumzi. Akivuta pumzi, wale wa mbele hupiga makofi. Akinywa maji hupiga tena. Akikosea kusoma hupiga sana, ili asione aibu. Ni mdundo tu, mkuu, kama ngoma."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, nayo ikawaka taa.

"Kwa hiyo," alisema mwendesha mashtaka, akipandisha suruali, "unaiambia mahakama kwamba makofi ya wananchi kwa Rais wao hayatoki moyoni? Yanatoka kwenye glasi ya maji?"

"Sijasema hivyo."

"Basi ilikuwa bahati."

"Haikuwa bahati, mkuu. Nilisikiliza."

"Ikiwa ni bahati, ni kamari. Ikiwa si bahati, ni kuudharau uongozi, na adhabu ya hiyo haihusiani na vidole, inaanzia shingoni. Chagua."

Kaka aliitazama ile mifuko miwili iliyokuwa juu ya kizimba. Sijui alikuwa anapiga hesabu gani, ila mimi niliyekulia pembeni yake niliona viwiko vyake vikisogea kidogo, kama anamaliza ubeti.

"Basi iwe bahati," akasema.

Hakimu alitangaza kwamba atatoa hukumu wiki inayofuata. Sheria ilimpa hiari: kwa kosa la kwanza aweza kufunga vidole, au kumwachia mtu kwa onyo. "Nitatafakari," alisema kwa ule upole wake. "Mahakama haisukumwi na mtu."

Kabla hatujatoka uani simu zetu zote zililia. Jaribu Tena walikuwa wamefungua ubashiri mpya: "Kesi ya Makofi. Ndahani ATAACHIWA au ATAFUNGWA? Weka sasa!" Walikuwa wametumia picha ya kaka akiwa na mifuko yake, na chini yake wameandika, "Cheza kistaarabu."

*

Sasa mtaa wetu una tabia moja ambayo naipenda mpaka leo, ingawa ndiyo iliyotuua. Mtu akioa, tunachanga. Akifiwa, tunachanga. Akifungua duka tunachanga, duka likifa tunachangia mazishi yake. Kila jambo lina kamati, na kila kamati mwenyekiti wake ni Mama Siwema, muuza vitumbua, mwanamke mwenye sauti inayoweza kusimamisha treni.

Tulikutana uani kwake. Mwenye shaka alikuwa mmoja tu, Baba Tegemea, fundi saa, ambaye ndiye mweka hazina wa kila kamati kwa sababu haamini mtu.

"Tumechanga," alisema Baba Tegemea. "Vizuri. Tunampa nani? Wakili?"

"Wakili wa nini?" Mama Siwema akamkata. "Ulimwona yule hakimu? Macho kwenye simu mwanzo mpaka mwisho. Binamu yangu anafagia pale mahakamani, ananiambia Mheshimiwa hasomi jalada, anasoma ubashiri. Anaangalia watu wameelekea wapi. Haya, sisi tumwonyeshe watu wameelekea wapi!"

"Yaani?"

"Yaani mchango wote tuuweke kwenye ATAACHIWA. Akifungua simu akute nchi nzima inamtaka Ndahani atoke. Ataona haya!"

Uani pakawa na shangwe. Hata mama, ambaye tangu siku ya mifuko alikuwa ameinama, aliinua uso.

"Subirini," alisema Baba Tegemea. "Tukishinda je? Kushinda ni kosa. Watakuja kutufunga vidole sote, kuanzia mimi mweka hazina."

Mama Siwema alikunja uso, akafikiri, kisha akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Anayecheza siyo wewe, Baba Tegemea. Anayecheza ni Kamati. Simu imesajiliwa kwa jina la Kamati. Wewe ulishawahi kuona Kamati ina dole gumba?"

Nani angepinga hoja kama hiyo? Tukachanga upya, mara hii kwa hasira. Mwenye kuku aliuza kuku. Mama aliuza mabati mawili aliyoyaweka kwa ajili ya jiko. Mimi nilitoa viatu vya baba, na sitaki kusifiwa kwa hilo, vilikuwa vimenibana tangu zamani. Habari ikavuka mtaa. Watu tusiowajua, waliowahi kumsikia kaka kwenye harusi au kwenye msiba, walichanga na kuweka kupitia kamati zao. ATAACHIWA ikapanda mpaka ile picha ya kaka kwenye simu ikazungushiwa maua. Siku ya hukumu tulivaa sare, kitenge cha njano kilichobaki kwenye harusi ya Siwema, tukaenda mahakamani tukiimba.

Hakimu Sengwaji alitukuta tumejaa mpaka madirishani. Alitabasamu. Alituonea upendo wa kweli, nadhani. Alitazama simu yake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mchumba, akaigusa mara moja kwa dole gumba lake nene, akaiweka chini.

"Mahakama imeguswa na umati huu," alisema. "Mahakama imeona jinsi wananchi wanavyompenda mshitakiwa. Mahakama inamtia hatiani. Vidole vifungwe."

Sikuelewa. Namwambia msomaji ukweli, sikuelewa kabisa mpaka Baba Tegemea aliponishika bega pale nje na kunieleza polepole, kama anavyomweleza mtoto mambo ya ndani ya saa. Sote tumeweka kwenye ATAACHIWA, alisema. Upande uliojaa watu, malipo yake hupungua mpaka yanakuwa kama hakuna. Upande mtupu hunona. Kwa hiyo yule mmoja aliyeweka ATAFUNGWA, mwishoni kabisa, kwa kugusa mara moja, amechukua mchango wetu wote.

"Kumbe hakimu aliona?"

"Aliona vizuri sana," alisema Baba Tegemea. "Laiti tungemchukia Ndahani. Tungemchukia kwa pamoja, kama kamati, angekuwa anatembea huru leo."

Naam. Kila kuku aliyeuzwa kwa ajili yake, kila bati, kila senti ya mtu asiyemjua, ilinenepesha faida ya kumfunga. Sisi ndio tuliomlipa hakimu. Tulimlipa kwa upendo wetu, kwa sare, tukiimba.

Hakimu, kwa kuwa alikuwa kazini, alikuwa anafanya uchunguzi.

Simu ya Kamati ikalia mkononi mwa Mama Siwema. Aliutazama ule ujumbe akaketi chini pale pale kwenye vumbi na kitenge chake cha njano. Ulikuwa "Hongera, mmeshindwa." Jaribu Tena ni watu makini. Hata sarufi walikuwa wameiweka kwenye wingi.

*

Hogo haikai milele. Ikishapata unyevu huvunda, kwa hiyo kila mwezi mfungwa wa vidole huenda ofisi ya Mamlaka. Huko hukatwa ile ya zamani, huoshwa, hukaushwa, kisha hufungwa mpya na kupigwa lakiri. Kazi hiyo aliifanya dada mmoja mpole anayeitwa Tulizo, aliyekuwa amesomea uuguzi na akaajiriwa huko kwa sababu hospitali hazikuwa na nafasi.

Mwezi wa kwanza nilimsindikiza kaka. Alipokatwa hogo, vidole vilitoka vyeupe, vimekunjamana, kama vya mtu aliyekaa majini. Tulizo aliviosha. Plasta mpya ilikuwa bado inalowekwa. Basi kulikuwa na kipande kile cha muda, kidogo tu, ambapo vidole vya kaka yangu vilikuwa huru na havikuwa na kazi. Nilitoa malimba ndani ya koti.

Alipiga. Si vizuri, vilikuwa vizito. Lakini wote mle ofisini, wafungwa, makarani, mlinzi wa mlangoni, walinyamaza. Tulizo aliendelea kukoroga plasta ambayo ilikuwa imeshakorogeka. Mlinzi alivua kofia. Hapakuwa na jenereta mle, na kwa mara ya kwanza aliyekaa nyuma kabisa alisikia.

Kesho yake tangazo likabandikwa: ni marufuku kuingiza ala ya muziki katika ofisi za Mamlaka. Waziri mwenyewe alilieleza redioni. "Kidole kinachotumikia adhabu hakiwezi kuwa kinastarehe!" alisema. Akatumia nafasi hiyo kupiga marufuku kamati kubashiri. Kuanzia sasa kila mtu aweke kwa jina lake na kwa dole gumba lake.

Miezi ikapita. Vidole vya kaka vilizidi kukonda. Mama alikuwa akimlisha, akimfunga vifungo vya shati, naye kila jioni alikaa mbele ya malimba yaliyotundikwa ukutani, mbali na dirisha, akiyatazama kama mtu anayesubiri aitwe ndani.

Kisha Jaribu Tena wakaja na wema wao. Walikuwa wamesikia habari ya siku ile. Wakaiandikia Mamlaka kuomba marufuku ilegezwe, na Mamlaka, ambayo haijawahi kuwanyima kitu, ikatoa kibali: malimba yaruhusiwe kuingia siku moja, wakati wa kubadilisha hogo, ilimradi wapo raia wengi waliobashiri kwamba atapiga. Wasipokuwepo, kibali kinakufa. Simu zikalia nchi nzima: "Vidole vya Ndahani! ATAPIGA au HATAPIGA?"

Mama Siwema alikuja nyumbani. Safari hii hakupiga kelele.

"Wanaotaka apige lazima waweke," alisema. "Bila hivyo malimba hayaingii mlangoni. Mimi nimeweka ATAPIGA. Mtaa wote tumeweka."

"Na akipiga?" niliuliza. "Akipiga mmeshinda. Watawafunga."

"Watufunge," alisema. "Vitumbua nitakoroga kwa viganja. Baba Tegemea yule fundi saa, bila dole gumba hashiki hata bisibisi, naye ameweka. Anasema hajasikia kitu cha maana tangu mlinzi wa Mamlaka alipomhadithia ya siku ile."

Nikamgeukia mama. Alikuwa anakunja nguo.

"Na wewe, mama?"

"Mimi vidole vyangu vimeshapika vya kutosha," alisema mama. "Nimeweka, mwanangu. Nilimwomba Mama Siwema anionyeshe pa kubonyeza. Nataka kusikia mara moja, basi."

Kaka alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

*

Walikuja wote. Kitenge cha njano kilijaa ofisi ya Mamlaka, kikajaa ngazi, kikafika barabarani. Makarani walikuwa wamesogeza meza zao ili waone; wao walikuwa wameweka HATAPIGA, na walikuwa kazini. Hakimu Sengwaji alikuja na kiti chake mwenyewe. Mkurugenzi wa Jaribu Tena alisema maneno machache kuhusu kuinua sanaa za asili. Kwenye kona walisimama askari wa Mamlaka, na pembeni yao gunia. Niliona kilichokuwemo. Mifuko midogo ya kitambaa, mingi mno, inayotosha mtaa mzima.

Nilikuwa nimetunga ubeti kwa ajili ya siku hiyo, ili kaka akipiga mimi niimbe:

Piga kaka tusikie, chuma kiseme na mbao,
Mtaa uhudhurie, tufanye hapa kikao,
Walinzi nao walie, wavue kofia zao,
Kisha hogo wafungie, wakatulie makwao.

Tulizo alikata hogo. Vidole vilitoka vimekuwa vyembamba kama vya mtoto. Aliviosha kwa maji ya vuguvugu, akavikausha kimoja kimoja, akasema kwa sauti ya chini, "Plasta yangu leo inachelewa kuloa, kaka. Usiwe na haraka."

Niliweka malimba mapajani pa kaka.

Ndahani aliyashika. Niliona vidole gumba vikijua njia, vikajinyoosha juu ya zile ndimi za chuma, karibu kabisa, hata unywele usingepita. Mama alikuwa amefumba macho tayari, ameinamisha kichwa upande mmoja, upande wa sikio linalosikia vizuri.

Kaka alimtazama mama. Akatazama mikono yake mama iliyoshikana kifuani. Akamtazama Mama Siwema, na Baba Tegemea mwenye vidole vyake vya kushikia bisibisi, na watu wote wale wa njano, mmoja baada ya mwingine, kama anawahesabu. Kisha akatazama lile gunia.

"Piga, mwanangu," mama alisema bila kufumbua macho.

"Piga wewe!" Mama Siwema alipaza sauti, na ikavunjika katikati. "Sisi tumeshakubali! Piga!"

Tulizo alikoroga. Alikoroga mpaka mwiko ukaanza kukwama.

Kaka yangu aliinua vidole gumba vyake kutoka kwenye malimba, taratibu, akavinyoosha mbele, kwa Tulizo.

"Nimesahau wimbo," alisema. "Nifunge, dada."

Hakuna hata mmoja wetu aliyeamini kwamba amesahau. Makarani walipiga makofi. Hakimu alikunja kiti chake. Askari walilibeba gunia kurudi stoo, mifuko yote ikiwa mitupu, na Tulizo akaanza kuzungusha plasta huku machozi yake yakidondokea humo na kuilowesha upya.

Kisha simu zikaanza kulia. Ya Mama Siwema, ya Baba Tegemea, ofisini, kwenye ngazi, barabarani kote, mamia kwa mamia, mlio uleule mmoja. Mama alitoa simu yake kwenye pindo la khanga akaishika kwa vidole vyake vyote kumi, akanipa nimsomee.

Nilimsomea.

"Hongera, umeshindwa," nikasema. "Taifa linakutegemea."

Mama alivuka kile chumba, akakaa sakafuni miguuni pa kaka, akayachukua malimba kutoka mapajani pake. Hakujua kupiga. Aliegemeza tu shavu lake juu ya ile mbao, pale palipokuwa bado na joto la viganja, akasikiliza.